Mwaka Niliokula Peke Yangu Lyulilo

Simu ya Tumpe ilinikuta uani, nikipara samaki. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua la Kyela limeshaanza kuchoma, na mimi nilikuwa kwenye kigoda changu na mbelele wawili walioletwa kutoka ziwani alfajiri ile, paka wa jirani akinisimamia kazi. Nikafuta mikono kwenye suruali, nikapokea. "Dokta," akasema, na kwa jinsi alivyonyamaza baada ya neno hilo moja nikajua. Mama Lusajo amefariki. Amekula jana jioni, amelala, hakuamka. Mazishi kesho saa nane. Nikasema nitakuja. Kisha nikarudi kwenye samaki wangu, nikamaliza kuwapara, nikawapika kwa nyanya, kitunguu na chumvi, nikawala wote wawili mezani peke yangu, na nikabaki nimekaa pale, sahani mbele yangu, mpaka mchana ukaisha. Watu wengine wakifiwa chakula hakipiti kooni. Kwa mama yule isingekuwa heshima kuacha samaki akalala.

Mtaani wananiona mzee mwenye vituko. Siku hizi maduka yetu yamejaa vitu vya pakiti: viungo vya pakiti, juisi ya unga, tambi, soseji. Mimi huyapita na kikapu changu nikaenda kwa akina mama wanaouza mboga zilizochumwa asubuhi. Wajukuu wakija likizo, siku ya kwanza hufungua makabati yote, na wakikuta magimbi na ndizi tu hupiga simu kwao kunishtaki. Watu huniuliza ulaji huu nilijifunzia wapi, na miaka yote nimewajibu kwamba ni chuo cha uuguzi. Huo ni uongo. Chuoni nilikariri makundi ya chakula ili nifaulu mtihani. Kula nilijifunzia Lyulilo, kijiji cha ufukweni mwa ziwa, mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na minne, kwa mwanamke ambaye kwa sehemu kubwa ya mwaka huo hakunipa hata salamu iliyozidi neno moja.

Nilipelekwa huko kuwa muuguzi wa zahanati. Cheo changu kilikuwa cha chini kabisa, lakini koti jeupe lilitosha watu wote waniite Dokta, na sikuwakataza. Zahanati haikuwa na nyumba ya mtumishi, kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji alinipeleka kwa Mama Lusajo, Mkisi mmoja mjane, mfinyanzi wa vyungu, aliyekuwa na chumba kitupu. Mwanawe Lusajo alikuwa akifanya kibarua Mbeya na mwaka ule alikuja nyumbani mara mbili tu, basi pale walikuwa wawili, yeye na mkwewe Tumpe. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza na dirisha lililotazama ziwa. Upande wa pili wa ukuta palikuwa jikoni. Ukuta wenyewe wa tofali mbichi haukufika kwenye bati. Juu palikuwa na uwazi wa dhiraa nzima, na kupitia uwazi huo moshi, harufu na maneno yote ya jikoni yalikuja kwangu bila hodi. Nilikaa zaidi ya miezi tisa ndani ya jiko lile kwa pua na masikio kabla sijaliingia kwa miguu.

Sasa nieleze ujinga wangu. Siku ninaondoka nyumbani, shangazi yangu alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, ugenini usile kwa watu. Watakulisha." Aliyelelewa kwetu anajua uzito wa neno hilo, na kwamba anayelisema hafikirii lishe. Shangazi alinifungia boksi kwa mikono yake: samaki wa kopo wenye nyanya, biskuti, siagi ya kopo, tambi, sukari, majani ya chai. Hoja yake ilikuwa kwamba kilichofungwa kiwandani hakuna mchawi aliyekigusa. Nami, mtu wa cheti, niliyefundishwa vijidudu na darubini, nilimcheka mbele za watu na moyoni nikamwamini. Hivyo ndivyo nilivyoshuka Lyulilo, hatua chache kutoka kwenye maji yenye samaki, nikiwa nimebeba samaki wa kopo.

Jioni ya kwanza Tumpe aligonga mlango. Alikuwa na chungu kidogo chenye kifuniko, kimoto, amekishika kwa jani la mgomba. "Mama anasema karibu," akasema. Nikamshukuru, ndaga fijo, nikafunga mlango. Nilipofunua, mvuke ulinipiga usoni. Zilikuwa ndizi zilizoiva mpaka zikalegea, majani ya maboga, na juu yake kipande cha samaki mbasa chenye ngozi yake. Nilikuwa na njaa ya safari, mate yakanijaa mdomoni, na sauti ya shangazi ikanijaa kichwani. Nikatoka kwa nyuma, nikamwaga chakula chote kwenye shimo la taka, nikakifukia kwa mguu. Kisha, kwa kuwa nililelewa kwa adabu, nikakiosha kile chungu kwa sabuni ya unga. Nilikiosha mara mbili. Asubuhi nikamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili, nikiwa najisikia kijana mstaarabu.

Mama Lusajo alikuwa ameketi chini, akifinyanga. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono mirefu iliyokauka udongo mpaka kwenye viwiko. Alikipokea chungu, akakipeleka puani. Wakati huo huo nyuma yangu kuku wake walikuwa wamekwisha fukua shimo na walikuwa wakigombania ndizi. Aliwatazama kuku, akanitazama mimi. "Ndaga, Dokta," akasema, basi. Jioni nikakiona chungu kile kando ya banda, kimegeuzwa cha maji ya kuku. Sikujua kwamba chungu cha udongo hunywa. Ukikiosha kwa sabuni kinakunywa sabuni, na kila utakachopika humo baada ya hapo kitanuka kufua nguo. Kwa usiku mmoja nilikuwa nimemwaga chakula cha mfinyanzi na kumharibia chungu, na nilikuwa sijamaliza hata kufungua begi.

Chakula hakikuja tena. Siku ya tatu nilikutana na Tumpe akitoka kuteka maji, akasimama, ndoo kichwani, akanieleza bila hasira. "Usingoje, Dokta. Mama amesema aliyemwaga chakula chake hapelekewi tena. Ukitaka utaomba mwenyewe, kwa mdomo wako." Haikuwa mila ya Wakisi wala amri ya kanisa, ilikuwa sheria ya Mama Lusajo. Nikacheka kidogo, nikasema mimi sina shida, nina vyakula vyangu. Mtu mzima, mwanamume, mwenye koti jeupe, niende kusimama kwenye mlango wa jiko kuomba chakula? Heri nife na kopo langu.

Nusura nife nalo kweli. Boksi la shangazi lilipokwisha nilinunua lingine kwa mwenye duka, ambaye alinipenda kuliko wateja wote. Asubuhi biskuti na chai yenye vijiko vitano vya sukari, mchana biskuti, jioni tambi na samaki wa kopo kwenye jiko la mafuta ya taa lililonuka kuliko chakula. Choo kikawa kigumu mpaka nikaanza kujiandikia dawa. Kiungulia kikaniamsha. Nilikuwa nachoka saa tano asubuhi nikiwa na umri wa kubeba magunia. Lakini hayo yalikuwa ya mwili. Saa ya chakula kijiji kizima kilikaa chini, wanaume na wenzao, wanawake na watoto kwenye sinia moja, na mimi nilikuwa nafunga mlango wangu. Mlango uliofungwa saa ya kula husemwa. Watu walinisalimia njiani vizuri, "Mugonile, Dokta," kisha wakapita, na hakuna aliyewahi kuniambia tukae. Nilikuwa mpweke. Nasema waziwazi sasa kwa sababu wakati ule sikulijua jina lake. Nilijipima malaria mara tatu.

Zahanati ndiko nilikoumbuliwa. Kila wiki nilikuwa nafundisha lishe kwa akina mama waliokuja kupima watoto. Nilikuwa na chati iliyochorwa yai, karoti, maharage na glasi ya maziwa, na fimbo ya kuonyeshea. Siku moja nilikuwa nimefika kwenye umuhimu wa vyakula ambavyo havijakaa, nikisisitiza kwa sauti, mama mmoja mnene aliyekuwa akinyonyesha akainua mkono. "Dokta, samahani. Makopo yako tunayoyaona kwenye shimo la Mama Lusajo, yako kundi la ngapi?" Kicheko kilichofuata kiliamsha watoto waliolala. Nilicheka nao, ila masikio yaliniwaka mpaka jioni. Tumpe alikuwa benchi la nyuma, hakucheka. Aliinamisha uso kana kwamba ni yeye aliyeulizwa.

Tangu siku ile nikaanza kusikiliza ukuta. Zamani niliyachukulia maneno ya jikoni kama kelele, na mengi yalikuwa Kikisi, ambacho Mnyakyusa kama mimi hukielewa nusu nusu. Lakini jioni moja nilimsikia Mama Lusajo akisema kwa Kinyakyusa safi, tena kwa sauti kubwa: "Huyu samaki amelala. Tazama mashavu yake ndani, yamefifia. Mrudishe kwa aliyekuuzia." Kesho yake: "Usimjazie maji, Tumpe! Samaki ana maji yake." Siku nyingine ilikuwa ndizi, zimenywe na kupikwa papo hapo zisije zikapoteza utamu, siku nyingine majani ya maboga, yavuliwe nyuzi na yasikae motoni mpaka yakawa matope. Kila jioni somo moja, kwa sauti ya kuitia mtu aliye ng'ambo ya mto. Nilimhurumia Tumpe. Nilidhani ni mzito wa kuelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa kitandani na kalamu, naandika nyuma ya karatasi za dawa.

Siku ya soko nikashuka ufukweni. Mitumbwi ilikuwa imeingia kutoka Ikombe, vyungu vimepangwa mchangani vikubwa kwa vidogo, na pembeni yake akina mama wenye muhogo, nyanya, ndizi, mawese mekundu kwenye chupa, na samaki ambao bado walikuwa wakipiga mikia. Wote walinitazama kama mtu aliyepotea njia. Nikainama kwa mama wa kwanza, nikafunua shavu la samaki kwa kidole nilivyosikia ukutani, likawa jekundu. "Ee, Dokta amejua!" akasema, akamwambia jirani yake, naye akamwambia wa pili. Nilinunua mbelele mmoja, nyanya tatu, kitunguu na majani, nikarudi chumbani kwa haraka kama mwizi. Wa kwanza nilimuunguza. Wa pili nilimjazia maji akawa uji. Wa tatu, wiki ya tatu, nilimpika kwa nyanya zake tu na chumvi, nikafunika, nikasubiri, nikafunua.

Nimekula vingi tangu siku ile, lakini sijawahi tena kushangaa hivyo. Nyama ya yule samaki iliachana na mfupa bila kulazimishwa. Nyanya ilikuwa na uchachu na utamu kwa pamoja, na majani yalikuwa na ladha yao, si ladha ya kitu kingine kilichomwagiwa juu. Nilikula polepole, kisha nikapangusa sufuria kwa kipande cha ndizi. Miaka ishirini na minne nilikuwa nakula ili nisife njaa, na hapo ndipo nilipojua kwamba ulimi wangu ulikuwa umelala. Nikawa na wazimu. Kila alasiri nilikuwa sokoni au kwenye bustani za watu, nikinusa, nikiuliza kimevunwa lini. Nikajifunza gimbi la kuchemsha na la kuchoma, parachichi na chumvi, muhogo mbichi unaotafunwa ukiwa bado na unyevu wa shamba, utomvu mweupe na mtamu unaozunguka mbegu za kakao. Choo kikafunguka. Kiungulia kikaniaga. Makopo mawili ya mwisho nilimrudishia mwenye duka, akasikitika sana.

Na upweke ukazidi. Hili sikulitegemea. Nilidhani mwili ukipona na roho itapona. Kumbe tambi na kopo unaweza kuvila peke yako miaka, kwa sababu havina la kusema; unameza huku unasoma gazeti kuukuu. Chakula kizuri kinadai shahidi. Ukionja kitu kikawa kitamu kweli, kichwa kinainuka chenyewe kumtafuta mtu umwambie, "Hebu onja." Mimi kichwa changu kilikuwa kinainuka mara tano katika mlo mmoja na kukutana na ukuta. Upande wa pili wa ukuta walikuwa watu wawili wanaokula. Tulikuwa tunakula saa ile ile, mboga zile zile za soko lile lile, na kati yetu palikuwa na ndizi nilizomwaga. Mwezi wangu wa nane pale ukapita hivyo, na wa tisa. Mficha uchi hazai, wanasema, na mimi nilikuwa muuguzi niliyewaambia wagonjwa maneno hayo kila siku.

Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Nilipata usipa wabichi kabisa, wale samaki wadogo wanaong'aa, nikawapika na ndimu na pilipili ndogo moja. Niliketi, nikaonja, kichwa kikainuka. Wakati huo huo jikoni Tumpe alisema neno fulani na Mama Lusajo akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko kirefu cha msichana, na kiliruka ule uwazi wa juu kikaniangukia mezani. Nikaweka kijiko chini. Nilivua koti langu jeupe, sijui kwa nini nilikuwa nimelivaa Jumapili, nikatoka, nikazunguka nyumba miguu mitupu mpaka kwenye mlango wa jiko.

"Hodi."

"Karibu," akasema Mama Lusajo bila kugeuka. Alikuwa akisukuma kuni ndani ya mafiga.

"Juba," nikamwita mama kwa lugha yetu, "nina njaa."

Tumpe akaacha kutafuna. Mama Lusajo akageuka sasa, akanitazama kuanzia miguu. "Nasikia harufu ya usipa chumbani kwako."

"Wapo."

"Sasa hiyo ni njaa ya nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno ya heshima, ya kuomba radhi, ya chungu. Yote yakanikimbia. "Sitaki kula peke yangu," nikasema, na sauti yangu ilitoka mbaya, ya mtoto anayekaribia kulia.

Aliondoa kisahani kilichokuwa kwenye mkeka, akapangusa mahali pale kwa kiganja. "Kaa." Nikakaa. Tumpe akanimiminia maji, nikanawa. Mbele yetu palikuwa na ugali wa muhogo, majani ya kunde na samaki aliyegawanywa vipande vitatu; kipande kimoja akanisogezea. Nilipokwisha kula matonge mawili ndipo akauliza. "Kile chakula ulimwaga kwa sababu gani?"

Nikamwambia ukweli. Nikamtaja shangazi, nikalitaja na neno lenyewe. Nilitegemea anifukuze. Mama Lusajo alitafuna, akameza, akasema, "Shangazi yako ana akili. Lusajo anakwenda Mbeya, mimi nilimwambia hayo hayo. Nikamfungia na muhogo wa wiki mbili, ukamwozea njiani." Kisha akacheka, na Tumpe akacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka, tukawa watu watatu tunaochekea ndizi zilizoliwa na kuku.

"Leta hao usipa wako," akaniambia. Nikakimbia kuwaleta. Akaonja kwa ncha ya kidole, akakunja uso. "Maji mengi. Nimesema mara ngapi, samaki ana maji yake?"

"Ulikuwa unamwambia Tumpe."

"Tumpe anapika tangu ana miaka saba," akasema. "Ulifikiri nilikuwa namfundisha nani?"

Nikamgeukia Tumpe. "Masikio yangu yalikuwa yanauma, Dokta," akasema. "Jirani walidhani nimekuwa kiziwi."

Nilimuuliza Mama Lusajo kwa nini basi hakunigongea tu, kama alinihurumia kiasi hicho. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini maji hayapandi mlima. "Wewe ndiye uliyemwaga," akasema. Alikuwa na kichwa kigumu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu, na alimpata mwenziwe.

Nilikula pale wiki saba. Nazikumbuka vizuri kuliko miaka mizima niliyoishi baadaye. Nilikuwa nafika na nilichopata sokoni, yeye anakikagua na kukikemea, Tumpe anakipika, au mimi nakipika na wote wawili wananisema. Alichukia kiporo. Chakula kikibaki alikuwa radhi atembee nacho nyumba tatu kabla hakijapoa kuliko kukilaza. Hakuwa mwalimu mwema. Alinipiga kibao mkononi nilipofunua chungu kabla ya wakati. Lakini niliinua kichwa katika kila mlo, na kila nilipoinua palikuwa na mtu. Kisha barua ya uhamisho ikaja, kituo cha mbali milimani. Asubuhi ya kuondoka Tumpe alinisindikiza hadi kwenye gari. Mama Lusajo alikuwa anachoma vyungu, hakuweza kuacha moto. Akaniambia safari njema, akarudi kwenye moshi wake. Hakuniambia karibu tena. Nikalichukua hilo moyoni, nikaondoka nalo.

Miaka ikaenda. Nilioa, nikalea, nikahamishwa hapa na pale, nikastaafu, nikarudi Kyela, nikazika mke. Kila nyumba niliyokaa nilianza kwa kuuliza soko liko wapi. Miaka kadhaa iliyopita nilikutana na mtu wa Lyulilo hospitali, akanipa namba ya Tumpe, tukawa tunasalimiana kwenye sikukuu. Tumpe akishamaliza habari alikuwa anampa Mama simu, naye hakuwa na salamu ndefu. "Unakula nini?" alikuwa anauliza. Nikimtajia, anasema "Haya," anamrudishia Tumpe. Kutoka kwangu hadi Lyulilo ni safari ya kwenda na kurudi siku moja na bado ukapumzika. Sikwenda. Nilijiambia kutakuwa na harusi au ubatizo, wataniita, nitakwenda na kikapu kilichojaa. Nilikaa kwenye meza yangu Kyela, nikila vizuri peke yangu, nikingoja.

Kesho yake, baada ya ile simu ya Tumpe, nikaenda kuzika. Palikuwa na watu wengi, maturubai, kwaya mbili. Makreti ya soda yalipangwa ukutani, na wali ulikuwa na rangi ile ya viungo vya pakiti. Nilinuna kizee changu, nikasema moyoni marehemu angewafukuza wote. Baada ya kaburi, Tumpe alinitoa kwenye viti vya wageni. Nywele zake zimekuwa nyeupe, na anatembea kwa kuegemea upande mmoja. Akaniingiza jikoni, kwa wanawake waliokuwa wakipakua, wengi wao wadogo wasionijua. Jiko ni jipya, la tofali za kuchoma, na ukuta wake umefika juu. Kwenye mafiga palikuwa na chungu cha ndizi alichopika mwenyewe, kidogo, cha watu wachache.

"Alikuwa anakuulizia," akasema huku akinipakulia. "Siku za soko hasa. Gari la Kyela likiingia ananituma nikatazame nani ameshuka. Mwaka huu hakuona tena vizuri, bado ananituma."

Nikaipokea sahani. "Mbona hukuniambia kwenye simu?"

"Alinikataza. Unamjua."

"Tumpe, miaka yote hii nilikuwa nangoja mnialike."

Aliweka upawa chini. Alinitazama bila ukali, kama siku ile alipokuwa na ndoo kichwani.

"Dokta," akasema, "mtu anaalikwa kwao?"

Ndipo nikakaa chini, pale pale kwenye majivu, na suti yangu ya msiba. Machozi niliyoyakosa kaburini yakaja, tena kwa sauti, mbele ya wanawake wasionijua. Hakuna aliyeniambia ninyamaze.